Mapacha wa Kuazima

Wanaosema nchi ya Mbwembweni haipo ni watu ambao hawajawahi kujaza fomu zake. Ipo, tena ina wizara thelathini na moja, na iliyo kubwa kuliko zote ni Wizara ya Elimu na Wastani, yenye jengo la ghorofa tisa: moja ya elimu, nane za wastani. Mambo haya yalitokea huko, nami nayasimulia kama yalivyo. Sikuongeza chumvi hata chembe, maana yalinifikia yakiwa yamekwisha kutiwa.

Mwaka ule Mheshimiwa Waziri alitaka kujua kwa nini Shule ya Msingi Kilele inakuwa ya kwanza kila mwaka. Wastani wake ulikuwa tisini na moja, wakati shule nyingine zikipata hamsini zinapiga vigelegele. Akatuma maofisa arobaini wakaichunguze siri hiyo. Maofisa wa Mbwembweni ni watu hodari, ila walisomeshwa kitu kimoja tu, nacho ni kuhesabu watu. Basi walipofika Kilele wakahesabu. Wakakuta jozi saba za mapacha, watoto thelathini wenye miwani, na mashoto kumi na wanne, yaani watoto wanaoandikia mkono wa kushoto. Waliona pia kwamba kila mtoto ana kitabu chake, kila darasa lina mwalimu wake, na saa nne watoto wanakunywa uji. Lakini mambo hayo hayakuwa na nafasi kwenye fomu, wakaona si adabu kuandika pembeni.

Wizara ilifurahi mno. Kabla wiki haijaisha ukatoka Waraka Namba Saba: kila shule ya msingi nchini, ifikapo mwisho wa muhula, iwe na sura ya Kilele, maana yake jozi saba za mapacha, miwani thelathini na mashoto kumi na wanne. Sura ikishapatikana, waraka ulieleza, akili itafuata yenyewe kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Shule itakayoshindwa itafungwa, na majengo yake yatachukuliwa na Wizara kuhifadhia mafaili.

Waraka ulimkuta Bi. Sikitu Ndekeja darasa la nne, ameshika ndoo. Bi. Sikitu alikuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi Mavumbini, na ndoo ilikuwa ya kukingia maji, kwa sababu paa la darasa lile lilikuwa na tundu ambalo mbuzi angepita bila kuinama. Alikwisha kuiandikia Wizara barua kumi na moja kuhusu tundu hilo. Wizara, kwa heshima zote, ilimjibu barua zote kumi na moja, ikimwomba aeleze ni watoto wangapi wanaolowa, wavulana mbali na wasichana mbali.

Kwa hali hiyo wastani wa Mavumbini ulikuwa sitini na moja, na si haba, maana pale watoto wanne walisoma kitabu kimoja na yule wa pembeni alijua nusu tu ya kila mstari. Ila kwa sura, masikini, Mavumbini ilikuwa imeoza. Jozi ya mapacha ilikuwa moja, Kulwa na Doto wa darasa la pili, ambao nao walikuwa wamenuniana tangu mfungo na hawakutaka kukaa dawati moja. Mashoto walikuwa wawili. Mwenye miwani alikuwa mmoja, na miwani yenyewe ilikuwa na kioo kimoja.

Bi. Sikitu aliusoma waraka mara mbili, akaketi. Mavumbini ikifungwa, shule ya karibu ni hiyohiyo Kilele, kilomita kumi na mbili, kuvuka mabonde mawili. Aliwajua kwa majina watakaofika huko na watakaoishia njiani. Kalunde wa darasa la tano, binti aliyekuwa akitoa jibu la hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali ubaoni, angebaki nyumbani kulea wadogo zake wanne. Mama yake alikwisha kulisema hilo waziwazi, tena bila ubaya, kwamba kilomita kumi na mbili si mwendo wa mtoto wa watu. Moyo ulimuuma Bi. Sikitu hata akasahau ndoo, ikafurika ikamlowesha miguu.

Akaitisha mkutano wa wazazi. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Mama Chausiku, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye pia ndiye aliyekuwa akitunza sufuria za harusi za mtaa mzima. Pale Mavumbini hakuna mtu aliyewahi kuwa na vyombo vya kutosha harusi, na hakuna harusi iliyowahi kupungukiwa. Watu huazimana. Kila chombo hutiwa nukta ya rangi ya kucha chini ya kitako ili kijue kwao, na kikirudishwa hakirudi kitupu: sahani itarudi na kitumbua, sufuria itarudi japo na viazi viwili. Atakayerudisha chombo kitupu atasemwa mpaka wajukuu zake waone haya.

Mama Chausiku aliusikiliza waraka mpaka mwisho, kisha akauliza tatizo liko wapi.

"Jamani," akasema, "sufuria tunaazimana, viti tunaazimana, mwaka juzi bwana harusi tulimwazimia mpaka viatu. Watoto ndio watushinde?"

Bi. Sikitu akasimama akasema kwamba huo utakuwa uongo, tena uongo kwa Serikali.

"Mwalimu, nikuulize. Wageni wakila kwenye sahani za kuazima, wali unakuwa wa uongo?"

Bi. Sikitu alitafuta jibu asilione, na mtu akikosa jibu mbele ya Mama Chausiku huwa amekwisha kuwa mjumbe wa kamati. Kesho yake mama huyo akafunga kanga mbili, akaenda Kilele kwa miguu kumwona mwalimu mkuu wa huko, Mwalimu Bakunda, mtu mpole mwenye kitambi cha heshima. Kilele ilipofanya sherehe yake kubwa mwaka uliopita ilipikia pilau kwenye sufuria za Mama Chausiku, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kukataa. Mwalimu Bakunda alitoa jozi sita. Hakuwa na wasiwasi, maana alijiuliza ni nani mwenye akili zake atakayekwenda kukagua kama Kilele inafanana na Kilele.

Mapacha kumi na wawili wakaja, kila mmoja na nukta nyekundu ya rangi ya kucha kisiginoni, wakagawanywa kwenye nyumba za Mavumbini kama wageni wa harusi. Miwani ishirini na tisa ilitolewa na mababu na mabibi. Waliitoa kwa moyo mweupe, ingawa wiki ile mzee mmoja alisikika akimwitikia mbuzi marahaba. Wakabaki mashoto kumi na wawili wa kutengeneza. Walimu wakawachagua watoto wepesi kuliko wote, kwa kuwa ndio wangejifunza upesi kuandikia kushoto, na wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Kalunde.

Siku ya ukaguzi ikafika, na pamoja nayo akafika Afisa Kaselenge, Mkaguzi Mwandamizi wa Sura na Wastani. Alikuja na wasaidizi wanne: mmoja wa kuhesabu, wa pili wa kuhesabu tena, wa tatu wa kukubali, na wa nne wa kushika mwavuli. Shingoni alining'iniza kalamu nyekundu kwa kamba ya buluu. Kalamu hiyo haikuvuliwa kamwe, kwa sababu kilichoandikwa nayo, kwa sheria za Mbwembweni, hakifutiki.

Alianza kwa hotuba. Akawaambia watoto kwamba taifa ni watu, watu ni idadi, na mtoto asiyehesabiwa ni sawa na mtoto aliyetoroka, kwa hiyo wajione wana bahati kuhesabiwa na mtu wa cheo chake. Akaendelea hivyo mpaka msaidizi wa mwavuli akabadilisha mkono. Kisha wakahesabu, tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Somo la hesabu likafa, la Kiswahili likafa, la sayansi halikuzaliwa. Kulwa na Doto walishikanishwa mikono kwa nguvu, kila mmoja akatazama upande wake. Hatimaye Afisa Kaselenge akatangaza kwamba Mavumbini ina sura ya Kilele kwa asilimia mia moja, na msaidizi wa kukubali akakubali.

Ndipo wakatoa mtihani, kukamilisha tu fomu. Ee Mola! Waliovaa miwani ya mababu waliandika juu ya dawati wakidhani ni karatasi, na mmoja alinyoosha mkono kuuomba mlango ruhusa ya kwenda chooni. Karatasi za mashoto wapya zilikuwa kama sisimizi wamepita juu yake wakitoka kwenye wino. Walipojumlisha wakapata thelathini na nane. Mavumbini haijawahi kupata thelathini na nane hata mwaka wa surua.

Kalunde alipata mawili katika ishirini. Alisimama mbele ya meza ya Bi. Sikitu na karatasi yake.

"Majibu nilikuwa nayo, Mwalimu," alisema. "Mkono ndio haukuwa nayo."

Bi. Sikitu aliona aibu ambayo hajaiona tangu azaliwe. Alimwazima mtoto mkono usio wake ili kumwokoa, na tazama alichomfanyia. Akaenda moja kwa moja ofisini alikoketi Afisa Kaselenge akinywa chai, akamweleza yote bila kubakiza: mapacha ni wa Kilele, miwani ni ya mababu, mashoto ni wa wiki tatu. Akasema kama ni kufungwa shule, basi na aadhibiwe yeye, ila watoto waachiwe mikono yao.

Afisa alimsikiliza kwa adabu zote. Alipomaliza, akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, Wizara inasema shule yenye sura ya Kilele ina wastani wa tisini na moja. Sura unayo. Sasa mimi ni nani nikubishie tisini na moja yako?"

"Lakini watoto wamepata thelathini na nane, Afisa."

"Hao ni watoto," akasema Afisa Kaselenge. "Mimi nazungumzia shule."

Akashika kalamu nyekundu akaandika tisini na moja. Akaondoka akisema huenda akarudi kuhakiki, kwa hiyo hakuna mtoto kuondoka, na mapacha wa kuazima wakabaki Mavumbini wakila viazi vya watu.

Baada ya wiki mbili matokeo yakatangazwa, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba Wizara ni ya haki kupita kiasi. Siku ileile Mavumbini ilipokaguliwa, afisa mwingine alikuwa Kilele akikagua kama Kilele inafanana na Kilele. Haikufanana. Jozi sita za mapacha hazikuonekana, na ya saba alikuja mmoja tu, mwenzake anaumwa tumbo, na pacha mmoja kwa hesabu za Wizara ni mtoto wa kawaida. Ikaamuliwa kwamba Mavumbini ndiyo Shule ya Mfano ya Taifa, na Kilele, kwa kushindwa kuwa Kilele, ifungwe mwisho wa mwezi.

Mavumbini walicheza ngoma mpaka vumbi likaziba mlima. Bi. Sikitu naye alikuwa amekwisha kuinua mikono apige makofi, ndipo akamwona Mwalimu Bakunda anaingia langoni polepole, barua imechungulia mfukoni.

"Nimekuja kuchukua vyombo vyangu," akasema.

Hakugomba. Alikaa kwenye benchi akavua viatu, maana kilomita kumi na mbili si mchezo kwa mtu wa umri wake. Akasema ana watoto mia nne, na amekwisha kupiga hesabu kichwani ni wangapi wataweza kuvuka mabonde mawili kuja Mavumbini. Hakuitaja idadi. Bi. Sikitu hakuiuliza, kwa kuwa hesabu hiyo alikwisha kuipiga mwenyewe, tena kwa majina. Alitamani ardhi ipasuke.

Mama Chausiku akamgeukia Bi. Sikitu akamwambia, kwa sauti ndogo ambayo watu hawakujua kama anayo, kwamba chombo cha watu hakirudi kitupu. Akamwomba Mwalimu Bakunda awaache mapacha siku tatu tu, ingawa yeye mwenyewe hakujua watarudi na nini.

Siku ya pili Afisa Kaselenge akarudi, ameshika Fomu ya Mfano yenye kurasa nne tupu. Alieleza kwamba sasa shule zote za Mbwembweni zitaiga Mavumbini badala ya Kilele, basi ni lazima siri za ushindi wa Mavumbini ziandikwe upya. Safari hii shule itajieleza yenyewe, kwa kuwa wahesabuji wa ghorofa ya nane walikuwa wamelaumiwa na hawakuwa na hamu ya kuhesabu tena. Fomu ilikubali wino mwekundu tu. Kalamu nyekundu ilikuwa ile moja, na kwa kanuni haikuruhusiwa kuvuliwa shingoni, kwa hiyo Afisa alilazimika kuinama juu ya meza, kichwa chake karibu na cha Bi. Sikitu, ili kamba ifike.

Bi. Sikitu alishika kalamu akaitazama ile karatasi tupu. Akakumbuka barua zake kumi na moja. Polepole akatabasamu.

Akaandika kwa mwandiko wa ubaoni, mkubwa, bila haraka. Kwamba siri ya Mavumbini ni paa zima kila darasa, lisilovuja hata tone. Kwamba kila mtoto ana kitabu chake, mwanzo wa mstari hadi mwisho. Kwamba saa nne watoto hunywa uji, wenye sukari. Kwamba kila mtoto huandikia mkono aliozaliwa nao. Kwamba mapacha ni jozi moja, inatosha. Hapo akapumzika kidogo, Afisa naye akapumzisha shingo. Kisha akaandika kwamba ng'ambo ya mabonde mawili iko shule jirani iitwayo Kilele, nayo iko wazi na ina watoto wake wote. Na mwisho kabisa, chini, akaandika kwamba wakati wa masomo hakuna afisa yeyote anayeingia shuleni kuhesabu watoto.

Afisa Kaselenge akasoma. Akatoka akaenda darasa la nne, akainua uso, akaona wingu likipita.

"Mwalimu, hapa umeandika paa ni zima."

"Fomu ndiyo inasema, Afisa."

Afisa alifikiri sana, na mishipa ya shingo ilionekana ikimsaidia. Wino mwekundu haufutiki. Fomu ya Mfano haiwezi kusema uongo. Kwa hiyo aliyekosea hapo hakuwa mwalimu, wala fomu, wala Wizara.

"Basi paa hili linakiuka fomu," akasema kwa ukali, akalikunjia paa uso.

Lori la mabati lilifika siku ya tisa. Lilikuja haraka vile kwa sababu Waziri alikuwa anakuja kutembelea Shule ya Mfano, na ingekuwa fedheha kubwa kama shule ya mfano isingefanana na mfano wake. Vitabu vikaja na lori la pili, mtoto na chake. Sufuria za uji hazikuhitajika kuletwa, maana Mama Chausiku alikuwa nazo, ila unga na sukari vikaja. Na kwa kuwa ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba Kilele iko wazi, ile barua ya kuifunga ikawa batili kabla haijaanza kazi. Tena kila shule nchini ikatakiwa kuwa na shule jirani iliyo wazi, na katika haraka hiyo zikafunguliwa shule sitini na mbili ambazo Wizara ilikuwa imezijaza mafaili.

Mapacha wa Kilele walirudishwa siku ya tatu kama ilivyoahidiwa. Kila jozi ilibeba kikapu cha viazi na vitumbua, na jozi ya mbele ilibeba nakala ya fomu, imekunjwa ndani ya kanga. Mwalimu Bakunda aliisoma amesimama. Alipofika kwenye mstari wa Kilele, akavua miwani akaipangusa kwa muda mrefu.

Mwisho wa mwaka ukaja mtihani wa kweli. Mavumbini ikapata themanini na nne, iliyopatikana kwa kujumlisha na kugawanya, kama inavyopatikana katika nchi za watu wengine. Waziri alikuja akahutubia chini ya mabati mapya, akatangaza kwamba siri ya ushindi hatimaye imepatikana, nayo ni jozi moja ya mapacha walionuniana. Mpaka leo ziko shule za mbali huko Mbwembweni ambako walimu wanahangaika kugombanisha mapacha, na mapacha wanakataa.

Afisa Kaselenge bado huja Mavumbini kila mwezi, maana ratiba ni ratiba. Ila haingii. Husimama nje ya lango na wasaidizi wake wanne mpaka kengele ya kutoka ilie, na ikilia watoto hukimbia makwao asimuwahi hata mmoja wa kumhesabu. Siku moja, mwaka uleule kabla ya mtihani, jua limewaka, Bi. Sikitu aliwahurumia. Saa nne akawapelekea uji, wasaidizi kwenye bakuli, Afisa kwenye kikombe cha bati chenye nukta nyekundu chini ya kitako. Mama Chausiku, aliyekuwa akikoroga sufuria, akamkumbusha Afisa kwa sauti yake ya kuitia ng'ombe kwamba kikombe ni cha watu.

Afisa alikunywa uji wake pale langoni taratibu, akisikiliza darasa la tano likiimba jedwali la saba. Alipomaliza akajipapasa mifuko yote, akatafuta, asione kitu.

Mchana kikombe kilirudi ofisini. Ndani yake ilikuwamo kalamu nyekundu, na kamba yake ya buluu imezungushwa vizuri. Bi. Sikitu akaitoa akaipangusa uji, akaenda nayo darasa la tano kusahihisha, akaanza na daftari la Kalunde. Akampa vema ishirini katika ishirini, zote kwa wino wa Serikali.